Hilux ya kulaza chini kwa mabegi ya upepo: nyuma nifunge linki za aina gani?

#1 PikapuChini

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijashika grenda.

Gari ni Hilux singo kebini, inavutwa nyuma tu, bado ina pleti (springi za bapa) za kiwandani. Mbele imeshashuka, sasa zamu ya nyuma. Pleti zinatoka, yanaingia mabegi ya upepo. Likipaki, chasisi iguse sakafu. Likitembea, chini ya chasisi pawe na mm 120.

Vipimo nilivyochukua:
- Tairi 215/45R17, katikati ya ekseli hadi chini mm 305
- Wilbesi mm 2850
- Kati ya reli na reli, kwa ndani, mm 850
- Mzigo: mara mojamoja kilo 250, si zaidi

Vifaa ninavyo: MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya), drili ya kusimama, grenda mbili. Nimeona watu wanafunga linki (mikono ya kushika ekseli kwenye chasisi) mbili, wengine nne za sambamba na baa ya Panhard (fimbo ya kuzuia ekseli isiende kando), wengine nne za pembe (mbili za juu zimekaa mshazari), na wapo wanaogeuza mikono ielekee nyuma. Ipi inafaa kwa matumizi yangu, na kwa nini?

#2 Fundi_Chasisi

Mkuu umefanya vizuri kuleta vipimo, wengi wanaleta picha ya rimu tu.

Swali la kwanza siku zote ni unashusha kiasi gani. Kama ni chini ya mm 100, pleti zibaki: unahamisha ekseli kwenda upande wa pili wa pleti, au unaweka bloku, unachonga chasisi kidogo, kazi imeisha. Pleti moja inafanya kazi tatu: inabeba, inazuia ekseli isikimbie mbele na nyuma, na inazuia isiende kushoto na kulia. Ukiitoa, kazi mbili za mwisho zinakuwa juu yako. Wewe unataka chasisi iguse sakafu, kwa hiyo pleti hazikufai, hapo sina ubishi.

Linki mbili zifute kabisa. Mikono miwili iliyokazwa moja kwa moja kwenye ekseli inazungusha ekseli nzima kila gari likipanda na kushuka. Mkono wa mm 600, begi likishuka mm 120, pinieni (gia ya difu inayopokea propela) imehama zaidi ya nyuzi 11. Halafu tairi moja likipanda tuta na lingine likibaki chini, ile mikono inataka kuisokota ekseli kama nguo ya kukamua. Kinachopasuka ni weldingi ya braketi au ganda la ekseli lenyewe.

#3 Kijiti_MIG

Vipi pikapu za C10 za Chevrolet? Za 1960 hadi 1972 zilitoka kiwandani na mikono miwili mirefu nyuma, koili springi na baa ya Panhard, na Wamarekani wanazilaza kila siku. Muundo ule ule NASCAR, mbio za magari za Marekani, waliutumia kwenye ligi yao kuu ya Cup hadi 2021.

#4 Fundi_Chasisi

Kweli, ila angalia ile mikono. Ni mirefu, inaanzia karibu na katikati ya gari, na mbele inakutana karibukaribu, kwa hiyo pembe ya pinieni inabadilika polepole. Tena imetengenezwa kwa bati la umbo la C mgongo kwa mgongo, inakubali kusokotwa. Hicho ndicho kinachoiokoa. Mtu akikata paipu ya mm 600 akaichomelea kwenye ekseli, kaiga umbo akaacha siri.

Na hata C10 ukiishusha, ile Panhard fupi ya kiwandani inaivuta ekseli upande mmoja, tairi moja linakaribia fenda. Ndiyo maana wanaoshusha hubadilisha kwanza baa hiyo, wanaweka ndefu au ya kurekebishika.

#5 Timazi

Tukiondoa linki mbili, mikono ya kugeuza nyuma nayo naiondoa, ingawa ina wapenzi wake kwa sababu mbele ya ekseli panabaki wazi. Tatizo ni mahali mistari ya mikono inapokutana. Ukichora mkono wa juu na wa chini kwa ubavuni ukairefusha, inakutana mahali fulani. Mikono ikielekea mbele, mahali hapo pako mbele ya ekseli, na ukikanyaga mafuta nguvu inasaidia kuinua chasisi. Ikielekea nyuma, pako nyuma ya ekseli, nguvu inageuka: ukikanyaga mafuta mkia unachuchumaa zaidi, ukikanyaga breki unanyanyuka. Kwa gari lenye mm 120 tu chini, kuchuchumaa kwa ziada ndiko kunakokwangua chasisi.

Zinabaki mbili za kweli: nne za sambamba na Panhard, au nne za pembe.

#6 MzeeWaDifu

Mimi nasimama na sambamba. Mikono minne iliyonyooka, Panhard nyuma ya difu. Rahisi kupima, rahisi kurekebisha, bomba la moshi linapata njia. Za pembe zinataka kuchomelea braketi juu ya ganda la difu, na hapo ndipo vijana wengi wanaharibu ekseli.

#7 Timazi

Mzee wa Difu, shikamoo. Kuhusu kuchomelea nakubaliana na wewe, nitarudi hapo. Ila hesabu ya Panhard kwenye gari linalolala naomba tuiangalie.

Panhard inatembea kwa duara. Ikiwa imelala sawa wakati gari linatembea, kila mm inayopanda au kushuka inavuta ekseli kando. Baa ya mm 750, ukishusha mm 120, ekseli imehama mm 10 hivi. Baa ya mm 500, ni karibu mm 15. Kwa mtu anayebana tairi ndani ya fenda kwa nafasi ya mm 12, hiyo ya pili tayari imegusa. Kwa hiyo Panhard inakubalika kama ni ndefu, karibu upana wote wa chasisi, na iko sawa kwa pima maji katika kimo cha kutembelea, si kimo cha kupaki. Kosa la kawaida ni kuipima gari likiwa limelala, kwa sababu ndivyo lilivyo gereji.

Jambo la pili: likilala, ile baa inahitaji nafasi yake. Upande mmoja umekazwa kwenye chasisi inayoshuka, mwingine kwenye ekseli isiyoshuka. Nyuma ya difu, kati ya bodi na ganda, hapo ndipo vinagongana. Linki ya Watt (fimbo mbili zilizoungwa na kipande kinachozunguka katikati) inaondoa kuhama kando karibu kabisa, lakini inakula nafasi zaidi pale pale.

#8 MzeeWaDifu

Marahaba. Sawa, ila na wewe usifiche ubaya wa pembe. Mikono ya juu ndiyo pekee inayozuia ekseli kwenda kando. Pembe ikiwa ndogo, nguvu inaongezeka sana.

#9 Timazi

Kabisa, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo namba ziwe wazi. Chukua pembe ya kila mkono wa juu kutoka mstari wa katikati ya gari, ukitazama kutoka juu. Nguvu ya kona ukiiita K, kila mkono unabeba:

Nyuzi 15 kila upande: karibu mara 1.9 ya K
Nyuzi 38: mara 0.8
Nyuzi 45: mara 0.7

Chini ya nyuzi 20 kila upande usifunge, ekseli itakuwa inacheza kando kadiri bushi zinavyochoka, na utaisikia kwenye usukani kana kwamba tairi la nyuma halina upepo. Nyuzi 30 hadi 45 ndipo panapofaa. Mwanya mpana uwe kwenye chasisi, ncha zikaribiane juu ya difu.

Kwa reli zako za mm 850, ncha za mbele ziweke mm 410 kutoka katikati, za nyuma mm 60 kutoka katikati, urefu wa kwenda mbele mm 450. Hiyo inakupa nyuzi 38. Inatosha vizuri.

#10 Bolti_16

Wakuu mmesahau kimo cha kutenganisha mikono kwenye ekseli, na hicho ndicho kinachovunja vitu. Tairi linasukuma gari mbele likiwa chini, mikono inashika ekseli juu. Mkono wa chini unasukumwa, wa juu unavutwa. Mikono ikikaribia kuwa sawa na ardhi, nguvu ya mikono ya chini ni nguvu ya tairi mara kimo cha mkono wa juu, gawa kwa umbali kati ya juu na chini.

Tuseme nyuma ina kilo 850 ikiwa na mzigo, na tairi linashika kwa 0.9, basi nguvu ya tairi ni kama kilo 765.

Mkono wa chini kwenye mm 235 kutoka ardhini, wa juu mm 425, umbali 190: mikono ya chini inabeba mara 2.24, yaani kilo 1710, kila mmoja 855. Ya juu inabeba jumla 947, na kwa sababu ya pembe ya nyuzi 38 kila mmoja unafika 600.

Ukibana umbali uwe mm 100 ili usikate bodi: mikono ya chini inafika kilo 1280 kila mmoja. Na hapo bado hujaingia shimo. Shimo moja la lami iliyomeguka linapiga zaidi ya hapo, kwa hiyo kila kitu kiwe na uwezo wa mara tatu au nne.

Mm 190 ndicho kiwango ningekaa nacho. Chini ya 150 usiende.

#11 PikapuChini

Asanteni sana, naanza kuona picha. Nimeshaegemea za pembe. Sasa maswali mawili: paipu gani na kiungo gani? Mtaa wa Gerezani, Dar, nimeonyeshwa paipu ya maji nene kidogo, bei nzuri, na muuzaji anasema watu wote wanatumia hiyo.

#12 Bolti_16

Paipu ya maji ya mabati iache. Ina mshono ndani, chuma chake laini, na ile zinki ukiichomelea inatoa moshi unaokulaza na homa usiku. Omba paipu isiyo na mshono, skedyuli 80. Ya inchi moja na robo ina kipenyo cha nje mm 42.2 na unene mm 4.85, hiyo kwa mikono ya chini. Ya inchi moja ni mm 33.4 kwa 4.55, inatosha juu. Ukimkuta muuzaji hajui skedyuli, kata kipande, pima kwa venia. Angalia pia ndani kwa tochi: mshono unaonekana kama mstari.

Mkono wa chini ukibeba begi katikati yake, hesabu hiyo haifai tena, unakuwa boriti. Hapo ni boksi la mm 50 kwa 75, unene 6.

Viungo. Bushi za polyurethane pande zote mbili za mikono ya pembe zinakwama, kwa sababu mkono wa juu haupandi tu, unajizungusha pia kidogo. Gari litakuwa gumu kwenye kona, na bushi zitaliwa kingo. Fanya hivi: mikono ya chini bushi ya mpira mbele na nyuma, mikono ya juu upande wa difu kiungo cha mviringo kinachofungulika na kupigwa grisi, upande wa chasisi bushi ya mpira. Rodi endi tupu (viungo vya mviringo visivyo na mpira) zinapendeza kwenye picha, lakini kwa vumbi na matope yetu bila kofia za mpira zinaanza kugonga mapema mno, na kila mgongano unasikika ndani ya kebini kwa sababu hakuna mpira wa kuumeza.

Bolti M16 za 10.9, ziwe na shina lisilo na thredi mahali panapopita braketi. Thredi ikikaa ndani ya tundu la braketi, tundu linaliwa, linakuwa yai. Braketi bati la mm 6, pande mbili za bushi, kamwe si upande mmoja.

Thredi ya kiungo iingie ndani ya paipu angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake. Kwa M20 ni mm 30. Toboa kitundu kidogo cha mm 3 kwenye kichwa cha paipu mahali thredi inapofikia mwisho wake unaoruhusiwa. Ukichokoza kwa waya ukagusa thredi, uko salama.

#13 Kijiti_MIG

Kwenye ekseli sasa, maana mzee alituonya. Difu ya Hilux ni ya ganda la bati lililobanwa, tumbo la difu linatoka mbele. Hiyo ni bahati, kwa sababu ganda linachomeleka kwa waya wa kawaida. Ingekuwa na kichwa cha chuma cha kumimina ungehitaji kupasha moto na fimbo za nikeli.

Lakini bati lile ni jembamba na linapinda kirahisi. Usiweke braketi ya mkono wa juu moja kwa moja juu ya ganda. Tengeneza daraja la bati la mm 5 linalopita juu ya ganda na kushika mirija ya ekseli pande zote mbili, halafu braketi zisimame juu ya daraja. Daraja lisiguse mstari wa bolti za kufungia tumbo la difu.

Toa shafti za ndani, sili na bearingi kabla ya kuchomelea. Piga vipande vya mm 25, upande wa kulia, kisha kushoto, kisha chini, ukiacha mpaka uweze kuweka mkono. Weldingi yote ikiwa juu tu, ekseli inajikunja: mirija inapoa, inavuta ncha kwenda juu, na tairi za nyuma zinaanza kulala kama za mbele. Kabla ya kuanza pitisha fimbo iliyonyooka kabisa, au uzi uliokazwa, katikati ya mirija, na rudia baada ya kila mzunguko.

Waya wa ardhi wa mashine uweke kwenye ekseli yenyewe. Ukiuweka kwenye chasisi, umeme unatafuta njia kupitia bearingi.

#14 Fundi_Chasisi

Kabla ya linki zote hizo, chasisi. Likilala, chini ya reli ni sifuri na ekseli iko pale pale mm 305. Mrija wa ekseli una kipenyo kama mm 70, kwa hiyo juu yake ni 340. Ongeza mm 30 za mpira wa kugonga na nafasi. Chini ya kidaraja chako cha chasisi (tao linaloziba mahali reli ilipokatwa), pale ekseli inapopita, pawe mm 370 kutoka chini ya reli. Bati la mm 6, na viungo vyote vikatwe kwa mshazari. Weldingi iliyonyooka wima juu ya reli ni mahali pa kuanzia ufa.

Na usikate reli zote mbili kwa pamoja. Kwanza chomelea msalaba wa boksi kati ya reli, mbele na nyuma ya mahali pa kukata. Vinginevyo ukimaliza kukata, mkia wa chasisi umefunguka mm 5 na hutaujua mpaka bodi ikatae kukaa.

#15 Timazi

Utaratibu wa kupanga, PikapuChini, na hapa usiwe na haraka:

Chasisi juu ya stendi, katika kimo cha kutembelea, sawa kwa pima maji mbele-nyuma na kushoto-kulia. Ekseli kwenye stendi nyingine, katikati mm 305. Dondosha timazi kutoka matundu mawili ya kiwandani ya mbele ya chasisi, weka alama sakafuni, na kutoka ncha za ekseli hivyo hivyo. Pima mishazari miwili. Tofauti isizidi mm 2. Kisha mikono ya chini, ya urefu sawasawa. Kisha ya juu.

Shikiza kwa nukta tu. Bila mabegi wala shokapu, inua ekseli kwa jeki kutoka chini kabisa hadi igonge mpira, ukitazama kila kitu. Halafu upande mmoja juu, mwingine chini. Hapo ndipo mkono wa juu unapogusa bomba la moshi, au hozi ya breki inapokazika, au propela inapolamba kiunzi cha kati. Ukiridhika ndipo unachomelea.

Mikono ya chini ndiyo inayoweka ekseli sambamba, ya juu inaweka pembe ya pinieni. Na kwa mfumo wa pembe, ya juu inaweka pia katikati: ukirefusha wa kushoto na kufupisha wa kulia, ekseli inakwenda kando. Kwa hiyo kirekebishio kiwe kwenye mikono ya juu yote miwili.

#16 PikapuChini

Nimekaa na karatasi. Naombeni mnisahihishe:

Mkono wa chini: ekseli mm 235 kutoka ardhini, chasisi mm 215, urefu kwenda mbele 600.
Mkono wa juu: ekseli mm 425, chasisi mm 365, kwenda mbele 450, pembe nyuzi 38.
Braketi ya juu kwenye chasisi iwe na matundu matatu, 385, 365 na 345, ili nijaribu.

#17 Timazi

Vimo viko vizuri. Cha chini kuwa chini kidogo upande wa chasisi ni sahihi: mkono wa chini ukiinuka kwenda mbele, kwenye kona tairi la nje linarudi nyuma na mkia unajielekeza nje. Wako unafanya kinyume chake, kidogo tu, ni salama. Na bolti ya mbele iko mm 95 juu ya chini ya reli, kwa hiyo likilala braketi haigusi sakafu kabla ya chasisi. Wengi wanasahau kwamba ncha ile inashuka na gari.

Kuzuia kuchuchumaa nimekokotoa kwa kuchukua kitovu cha uzito kiko kimo cha mm 500:
Tundu la 385: 20%
365: 52%
345: 83%

Asilimia mia maana yake linki inazuia kuchuchumaa kote. Kwa gari la barabarani 50 hadi 80 ni pazuri. Ukivuka mia, ukikanyaga breki kwa nguvu ekseli inarukaruka.

Nimeangalia pia likilala mm 120. Ncha ya mkono wa chini inakuja mbele mm 16, ya juu mm 33, kwa hiyo pinieni inainama nyuzi 5, na gurudumu linasogea mbele mm 22. Ukiwa umelaza huendeshi, hizo nyuzi 5 hazidhuru. Kwa mm 50 za kugonga tuta inabadilika nyuzi 1.7 tu, krosi za propela hazitalalamika. Ila zile mm 22 zikumbuke mara mbili: nafasi ya tairi upande wa mbele wa fenda, na slipu ya propela (ncha inayoteleza ndani ya giaboksi) iwe na mm 40 za kuingia. Ikiwa na 15, siku ya kulaza ya kwanza itasukuma mkia wa giaboksi.

#18 Bolti_16

Matundu matatu kwa mm 20, bolti ya 16? Nyama inayobaki kati ya tundu na tundu ni mm 4. Hiyo siyo braketi, ni stempu ya posta. Weka mawili, 375 na 345. Nyama mm 14. Kwa hesabu ya Timazi la juu litakupa karibu 36%, la chini 83. Anza na la juu, na ukiona mkia unalala sana na mzigo, shusha.

#19 PikapuChini

😂 Nimepokea, mawili. Na mabegi? Nilitaka kuyaweka juu ya mikono ya chini ili yainue zaidi.

#20 Fundi_Chasisi

Begi likikaa kwenye mkono, 70% ya njia kutoka mbele hadi ekseli, litakuinua zaidi kwa urefu ule ule wa begi, kweli. Lakini uzito unaolifikia unagawanywa kwa 0.7. Kila upande ukiwa na kilo 350 juu ya springi, begi linaona 500. Presha inapanda kwa zaidi ya 40%, tangi na kompresa zinafanya kazi zaidi, na mkono wa chini unageuka boriti kama alivyosema Bolti. Wewe una mzigo wa kilo 250 mara mojamoja. Weka juu ya ekseli, nje iwezekanavyo kuelekea tairi, ili gari lisiyumbe sana.

Begi likiwa limejaa kabisa liwe na mm 25 wazi pande zote. Linatoboka kwa kusugua, mara chache sana kwa presha. Na lisiwe ndilo linalozuia mwisho wa juu au wa chini: chini ni mpira wa kugonga, juu ni shokapu au mkanda.

Shokapu isilale sana. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima inabaki na 75% ya kazi yake, nyuzi 45 nusu tu. Ndiyo maana pikapu nyingi zilizolazwa zinadunda kama mpira, wenyewe wanalaumu mabegi.

#21 MzeeWaDifu

Hakuna aliyegusa breki. Hilux nyingi zina vali ya kugawa breki nyuma, ipo kwenye chasisi, na kijiti chake kimefungwa kwenye ekseli. Chasisi ikikaribia ekseli, vali inadhani umepakia mzigo, inapeleka presha nyingi nyuma. Gari liko tupu, limeshushwa, unakanyaga breki kwenye mvua: tairi za nyuma zinafunga kwanza na mkia unapita mbele. Linki zako zinaweza kuwa za dhahabu, haitasaidia.

Ama urefushe braketi ya kijiti hadi vali ikae pale ilipokuwa kwenye kimo cha kiwandani bila mzigo, ama uitoe, uweke vali ya kurekebisha kwa mkono na uijaribu mahali pasipo na watu, mbele zifunge kabla ya nyuma. Kwa gari la mabegi la pili ni bora, kwa sababu kimo chako kinabadilika kila unapogusa swichi.

Na kebo ya hendibreki. Ekseli imesogea, mkono wa juu unapita pale kebo ilipokuwa inapita.

#22 PikapuChini

Mzee, hiyo ya vali sikuijua kabisa. Asante. Swali la mwisho: pinieni niiweke nyuzi ngapi? Mkia wa giaboksi umeinama nyuzi 3 kwa app ya simu.

#23 Timazi

Kama propela ni kipande kimoja, pinieni iinuke nyuzi 2. Ingekuwa 3 ili zilingane na giaboksi, unaondoa 1 kwa sababu ukikanyaga mafuta bushi zinajibana na pinieni inainuka yenyewe. Pleti zingetaka uondoe zaidi, zinajikunja. Pima kwenye uso uliochongwa wa flanji, siyo kwenye ganda, na gari liwe katika kimo cha kutembelea na uzito wote juu yake, bodi ikiwa imerudishwa.

Bolti za bushi za mpira zikaze hapo hapo, M16 ya 8.8 ni kama Nm 200, za 10.9 zinataka zaidi. Ukizikaza gari likiwa limelala, mpira unakaa umesokotwa muda wote wa kutembea na unachanika.

#24 Bolti_16

Na upande mmoja wa kila mkono wa juu nunua kiungo cha thredi ya kushoto, mwingine ya kulia. Unageuza paipu kwa spana bila kufungua bolti. Loki nati ya thredi ya kushoto inunue siku hiyo hiyo na kiungo chake. Ukiiacha, utazunguka Kariakoo yote kuitafuta.

#25 MzeeWaDifu

Nunua mbili.